Ubeti wa Mwimbaji wa Kwanza

Ipo Jumapili moja ya mwaka 2017 ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ngoja nikusimulie, maana naona umri wako umefika mahali pa kuisikia.

Nilikuwa naishi Troyeville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, naendesha kombi la kukodi. Nilikaribia arobaini, lakini akili ilikuwa ya kijana bado, usinicheke. Mwisho wa wiki niliimba kwenye harusi za watu wetu pamoja na Deo, fundi cherehani kutoka Bukavu. Yeye gitaa, mimi sauti. Tulianza wote kwa vyombo vya kuazima, tukaenda hivyo miaka sita. Jumanne ya wiki ile mwenye studio mmoja wa Randburg akaniambia ananitaka mimi peke yangu, nami nikakubali papo hapo. Deo sikumwambia. Nilipanga kumtumia ujumbe wa simu mambo yakishatulia.

Jumapili nikapewa kazi ya kuwabeba Waswidi wanne, wapigaji wa metal, ule muziki mzito wa magitaa na mayowe. Njiani walinieleza kwamba metal yao imechanganyika na hardcore, aina nyingine ya muziki, nami nikaitikia "sharp, sharp", yaani sawasawa, bila kuelewa kitu.

Walipiga mchana, katika ukumbi mdogo wa Doornfontein. Nilisimama mlangoni nimeziba masikio. Katika wimbo mmoja mwimbaji alinyamaza ubeti wote wa kwanza, akawaelekezea vijana kipaza sauti, wakauimba wao. Tulipokuwa tunapakia vyombo nikamtania mpiga ngoma, mtu mzima mwenye ndevu za mvi: "Eish, mwimbaji wenu kachoka mapema!"

Hakucheka. Aliketi mlangoni mwa kombi akanieleza taratibu. Bendi waliianzisha wakiwa shuleni, katika mji wao mdogo, na mwimbaji mwingine, ambaye ndiye aliyeutunga ubeti ule. Miaka mingi walipiga kwenye vyumba vya chini ya nyumba, watazamaji wakizidi sana ni ishirini. Kampuni ya kurekodi ilipowataka, ikataka mwimbaji abadilishwe. Wakamtoa mwenzao kwa ujumbe wa simu. Baada ya hapo mambo yakawanyookea: albamu, safari, majukwaa makubwa. Yule mwenzao akaugua, akafariki kabla hawajaonana tena. Tangu hapo ubeti wake hawauimbi wenyewe.

"Aliishi mtaa wa pili kutoka kwangu," alisema. "Miaka minne. Kila mwaka nilisema nitakwenda."

Mwanangu, niliona aibu. Niliwafikisha hotelini, nikaenda moja kwa moja kwa Deo. Nilimkuta anapiga pasi suruali ya mteja. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Nilishajua, ndugu yangu," akasema, bila kuinua macho. "Tangu Jumatano. Nilikuwa nangojea weye mwenyewe useme."

Hakunifukuza. Alinipa kiti, tukanywa chai. Lakini hatukupiga pamoja tena. Tukikutana harusini hunisalimia kwa adabu, ananiuliza habari za nyumbani, kisha anaaga. Adabu hiyo inaniuma kuliko kama angenitukana. Na ile rekodi ya Randburg ilitoka, ikasahaulika. Hata mimi siisikilizi.

Kwa hiyo nakuasa. Kuachana na mwenzako si kosa, watu huachana, kila mtu na njia yake. Lakini uliyeanza naye, mfuate wewe mwenyewe, umtazame usoni, umwambie siku ile ile uliyoamua. Usimwachie asikie kwa watu, wala usingoje upate maneno mazuri, hayapatikani. Mimi nilichelewa siku tano tu.

Mola akupe ulimi usioogopa kusema kweli, akuongoze salama uendako. Na wale uliowakosea, akuwekee hai mpaka uwafikie.