Matundu Kwenye Picha za Mzee Nazari

"Mama Careen, usimpitishe mtoto mbele ya mlango wa yule mzee. Anakata watu."

Aliyeniambia ni Marselina, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye kwa upande wa mume wangu namwita shangazi. Tulikuwa uani tunachambua maharage, Careen amelala mgongoni kwangu. Nikamwuliza, anakata vipi, kwa panga?

"Afadhali panga, panga unaliona linakuja. Yule anatumia mkasi. Ana sanduku la picha za zamani, magari ya enzi hizo na watu waliosimama nayo. Akikaa peke yake anachagua mtu, anamkata sura. Akishakukata, wewe hulimi msimu unaofuata."

"Nani kaona, shangazi?"

"Nani kaona!" Akatupa punje mbovu chini kama anampiga nazo mtu. "Nenda kaangalie. Gari zima, taa zipo, tairi zipo, watu wana matundu. Na kila tundu tumelizika. Mume wangu yumo mle."

Nikaendelea kuchambua. Mume wake, Bartholomayo, tulimzika mwezi wa tano. Mtu mwenye nguvu zake, aliondoka asubuhi kwenda kuchuma kahawa, akarudishwa amebebwa. Mjane wa namna hiyo huwezi kumbishia. Ila sikunyamaza kwa ajili ya msiba wake tu. Picha hizo nilikuwa nazijua kuliko yeye. Kwa Mzee Nazari nilikuwa naingia karibu kila siku.

Mimi ni mtu wa ziwani, wa Liuli. Nilipoletwa Mbinga na ndoa sikuwa namjua mtu. Kimatengo kilikuwa kinanipita sikioni, na mume wangu Alex ni dereva, wiki nzima yuko Mbamba Bay anasubiri mzigo wa dagaa. Wa kwanza kunisemesha Kinyasa mtaani hapa alikuwa mzee mmoja aliyekaa mlangoni kwake, macho yamefunikwa na utando mweupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kwa lugha ya kwetu kama usipa wa mwaka huu wamenona au ni macho matupu. Usipa ni vile visamaki vyetu vidogo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana nilikuwa sijacheka tangu nifike.

Yeye mwenyewe si wa ziwani. Kwao ni Kigonsera. Ujanani alikuwa utingo wa lori la Bedford, akipanda na kushuka na magunia kati ya huku milimani na ziwani, na lugha yetu aliiokota huko. Kamera aliachiwa na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Basi akaacha magunia, akawa mpiga picha wa barabarani. Siku hizo, anasema, hakuna aliyekubali kupigwa picha akiwa amesimama peke yake kama mti. Lazima kuwe na gari. Mzee Nazari akiliona gari limesimama, Land Rover ya serikali au lori la mapadri, anamwendea dereva, wanacheka kidogo, na watu wanapanga mstari. Mwenye gari mmoja, waliopigwa nalo picha tarafa nzima.

Mke alikuwa naye, Rosina, alifariki. Watoto wako mbali, simu zao zinakuja kwa nadra. Macho yalipokufa kabisa, mimi ndiye nikawa namchemshia maji na kumwoshea vyombo, naye akanifanya kuwa macho yake. Ananiambia nitoe picha yoyote sandukuni.

"Unaona nini?"

"Lori, Mzee. Lina pua ya mviringo."

"Bedford. Nani kaegemea taa?"

"Mwanamume. Miguu kaificha nyuma ya tairi."

"Hana viatu huyo. Wote wasio na viatu nilikuwa nawaweka nyuma ya tairi. Nyuma yake pana fundi cherehani?"

"Yupo barazani. Anashona tu, hata hatazami."

"Hakunitazama hata siku moja yule. Alikuwa ananidai suruali."

Nilipenda kazi hiyo. Barabara ninayoijua, ya bodaboda na maduka ya simu, ilikuwa inarudi kuwa vumbi jeupe na miti michache. Mama kabeba tenga la mapera, mwanawe kashika upindo wa khanga. Kule Mbamba Bay lori limeingizwa majini nusu tairi linaoshwa, watoto wamejaa juu ya bodi lake. Mbwa alipita wakati picha inapigwa, ametoka na vichwa viwili.

Halafu siku moja nikakutana na tundu.

"Nani kasimama mlangoni mwa gari?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mzee. Yaani mtu yupo, koti lipo, mkono uko juu ya kioo cha pembeni. Kichwa hakuna. Naona kidole changu upande wa pili."

"Basi huyo alishaondoka," akasema, akanyoosha mkono nimpe nyingine.

Nyingine nayo ilikuwa na tundu. Iliyofuata ilikuwa na matatu. Nilijikuta nimemvuta Careen karibu na magoti yangu. Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la aibu ya wengine.

Kwetu huku jeneza linatangulizwa na picha. Mtoto au mjukuu anaishika kifuani, kwenye fremu, anatembea mbele mpaka makaburini. Wazee wetu wengi hawana picha nyingine ya maana. Ile ya kitambulisho inawatoa kama watuhumiwa, na hakuna anayetaka kumzika baba yake akiwa na sura ya mtuhumiwa. Kwa hiyo watu wanakumbuka: Mzee Nazari aliwahi kumpiga, akiwa kijana, kaegemea lori, anacheka. Wanakuja. Picha nzima hatoi, maana ndani yake kuna watu wa watu wengine. Anakata sura ile moja, wanakwenda kuikuza studio.

Tatizo ni lini wanakuja. Hawaji baada ya kifo. Baada ya kifo kuna haraka, kuna wageni, kuna kuni na maji. Wanakuja mgonjwa akiwa bado anapumua, wamejitanda khanga mpaka puani, na wanamwapisha mzee asiseme kamwe. Nani anataka ijulikane kwamba alimtafutia mtu picha ya jeneza naye bado anaomba uji? Mzee Nazari hajasema. Mgonjwa akifa, watu wakiuliza mbona picha imepatikana upesi hivi, mwenye kuijua habari anaangalia pembeni.

Sasa nieleze ya Marselina. Niliisikia kwa masikio yangu.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nyuma, kwenye kibanda cha jiko la mzee, ninaosha sufuria, na aliyeingia mbele hakujua kama nipo. Nilimtambua kwa sauti. Alikuja kwa ajili ya shemeji yake, Elias, mdogo wa Bartholomayo, ambaye alikuwa amelala nyumbani kwao, ameshapakwa mafuta ya wagonjwa na padri. Alikumbuka picha moja: ndugu wale wawili wakiwa vijana, mmoja huku na mmoja huku, katikati lori la misheni linatazama mbele.

"Ninayo," mzee akasema. Nikasikia anapekua, anapapasa kingo. Picha zake alikuwa anazijua kwa vidole, hii imekunjika pembe, ile imeliwa na mende, na mahali pa kila sura alipakumbuka. "Elias ni yupi kati yao? Mimi sioni tena."

"Wa upande wa dereva," Marselina akasema, na sauti ikamkatika. Alikuwa analia, hakutaka kuangalia. "Kata, Mzee, nifungie niondoke."

Nikasikia mkasi.

Lori lile, nilikuja kuelewa baadaye, lilikuwa limetoka Ujerumani. Usukani wake ulikuwa kushoto. Mzee Nazari aliwapiga watu picha na lori lile miaka na miaka, kwake upande wa dereva ni kushoto kwa lori na si kwingine. Marselina hajawahi kuona gari lenye usukani upande huo. Alisema wa dereva kama tunavyosema sisi wote, akimaanisha upande wa kulia. Akapokea karatasi iliyokunjwa, akaificha kifuani, akaenda. Alipoifungua nyumbani, aliyekuwa anamchekea ni mume wake mwenyewe.

Sijui aliificha wapi. Ninachojua ni kwamba hakurudi kuibadilisha. Wiki ile ile Bartholomayo akaanguka shambani, na Elias, aliyepakwa mafuta, akaamka akaomba ugali.

Kwenye mazishi Elias alikuwepo, kashika fimbo, kakonda. Mtoto wa marehemu alitangulia na picha. Bartholomayo kijana, kofia pembeni, anacheka. Watu wakanong'ona, msiba wa ghafla namna hii, picha imetoka wapi? Mama mmoja akamwuliza Marselina waziwazi. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alijifunga khanga upya. Halafu akasema, "Yule mzee alikuwa ameshaikata."

Hakusema uongo. Lakini niliona jinsi lile neno lilivyotembea. Lilipita kwa waimbaji, likapita kwa waliokuwa wanachimba, na vichwa vikawa vinageuka kimoja baada ya kingine kuelekea alikokuwa amekaa Mzee Nazari, ambaye alikuwa hawaoni, na alikuwa anaitikia wimbo.

Tangu hapo mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Kijana anayeuza maji mtaani akawa anapitiliza mlango wake. Kanisani, benchi analokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili, hata Jumapili ya watu wengi. Familia ambazo zilikuja kwake zimejitanda khanga, hizo ndizo zilizosema kwa sauti kubwa kuliko wengine: kumbe hata baba yetu, kumbe hata bibi. Kila tundu likapata mwenyewe. Siku moja nilikuta mtu ameegemeza tairi bovu kwenye ukuta wake. Tairi moja tu. Sikujua ni la nini. Kesho yake yalikuwa mawili.

Halafu Marselina akaniambia, tukiwa kisimani, bila kunitazama: "Jumamosi wanakuja wale waganga wa kunyoa, wanaowanyoa wachawi nywele kuwatoa nguvu. Vijana wameshakubaliana. Mzee wako ananyolewa hadharani, sanduku linatolewa nje, kila mtu ajionee."

"Na akishanyolewa?"

"Akishanyolewa ni juu yao."

"Shangazi, yeye ni mzee haoni..."

"Wewe una mtoto mchanga," akanikatiza. "Wamekuona unavyoingia mle. Mimi nimekutetea. Nimewaambia huyu mtoto wa ziwani hajui kitu. Usinifanye niwe nimesema uongo."

Akajitwisha ndoo ikiwa nusu, akaondoka haraka. Nikajua anaogopa kuliko mimi, na kwamba mtu anayeogopa namna ile harudi nyuma.

Sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa Mzee Nazari, Careen mgongoni. Alikuwa amekaa kitandani na sanduku lake miguuni. Habari alikuwa nayo tayari, vijana walikuja kumwimbia dirishani. Waganga wenyewe anawafahamu kwa sifa. Kijiji kimoja huko bondeni walimnyoa bibi mmoja asubuhi, na jioni nyumba yake ilikuwa majivu na nyaya za tairi zilizoungua.

Nikafunga mlango. "Mzee, sema kwamba alikuja Marselina. Mimi nilikuwepo, nilisikia yote. Nitasimama niseme."

"Utasema nini? Kwamba Marselina alimtafutia shemeji yake picha ya jeneza? Elias atakaa naye vipi mji mmoja? Tena si yeye peke yake, mwanangu. Matundu yote haya yana watu. Ukimtaja mmoja, wengine watajua zamu yao inakuja. Hawatasubiri Jumamosi." Akatikisa kichwa. "Na wewe watakuita nani? Watasema mwanafunzi wangu."

Nilikaa chini kwenye jamvi, nikamshusha Careen nikampakata. Kulikuwa na jambo moja nililokuwa nimelibeba tangu mazishi, nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mzee. Upande wa dereva ni makosa ya watu wawili, hilo naelewa. Lakini kwa nini alikufa?"

Akalivuta sanduku karibu na miguu yake. Nje watoto walikuwa wanazungusha tairi, nikasikia linagonga ukuta, likaangushwa pale na mengine.

"Nimekata wagonjwa, na wagonjwa wanakufa," akasema. "Bartholomayo hakuwa mgonjwa. Nimelifikiri mpaka kichwa kinauma. Ningejua, ningelala. Sijui, mama. Sitakudanganya, sijui."

Ningependa angesema vingine.

"Kuna njia moja," akaendelea. "Wakija, nikate sura ya mtu mwenye afya, mbele yao wote, mchana kweupe. Kisha wakae wamwangalie mpaka wachoke. Asipopatwa na kitu, mkasi wangu ni mkasi tu."

"Nikate mimi," nikasema. Nilisema haraka, kabla sijaogopa.

"Wewe haitasaidia. Watasema mtu mzima ana dawa mwilini, tena wewe nimekukinga mwenyewe. Hata ningemkata padri wangesema hivyo." Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Careen. Vidole vikapita taratibu kwenye paji la uso, kwenye masikio, kidevuni, vile vile anavyopita kwenye kingo za picha zake. Careen akatabasamu.

"Mtoto tu ndiye hana kinga. Hilo hakuna wa kulibisha, hata Marselina," akasema. "Ile picha uliyonisimulia, ya ubatizo, mlipomkalisha juu ya boneti ya gari la baba yake. Niletee hiyo, mwanangu. Na Jumamosi umbebe mwenyewe, usimame naye mahali ambapo wote watamwona."