Ulsan Niliyosomewa Dukani

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nikaacha shule. Kiingereza sikijui. Dukani kwangu Isipingo, karibu na Durban, nauza vipuri vya magari ya Kikorea, na binti yangu Neema alikuwa akinisomea magazeti ya Kiingereza. Kila yalipoiandika Ulsan, mji wa Korea Kusini yanakoundwa magari hayo, yaliandika viwanda, kreni na moshi tu. Nami nikawaambia wateja nimefika huko, ili waniamini.

Mwaka 2012 Neema akapata nafasi ya kusoma Ulsan. Nikakataa mbele ya ndugu wote.

"Mji ule nimeuona kwa macho yangu. Hauna mti, hauna mto. Ni moshi mtupu!"

Neema alikuwa amemwalika mwalimu wake, mzaliwa wa Ulsan. Alipotafsiriwa maneno yangu, alitoa simu, akatuonyesha mto mpana, msitu wa mianzi, na mama yake akicheka ukingoni.

"Eish, mzee," shemeji akadakia, "au ulipita umefumba macho?"

Neema akainama. "Nisamehe, baba. Maneno hayo nilikusomea mimi."

Nikamwambia aende.

Leo nina duka, pikapu mbili, na nyumba ya vyumba vitano. Kimoja kitupu. Mwenyewe yuko Ulsan.