Trei Iliyokausha Mbegu

Sogea karibu, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya stima, nikusimulie.

Nakumbuka siku moja nikiwa kijana, tukifunga mitambo katika kinu kipya cha mahindi huku Kitale. Fundi mkuu alikuwa Kamau, mtu mnene wa kucheka sana. Trei, ile njia ya bati inayoning'inia chini ya dari kubeba nyaya, alipewa mwenzangu Wafula wa Kimilili. Wafula alirundika nyaya zote za mota, pamoja na zile nyembamba za mawasiliano, katika trei moja, tabaka juu ya tabaka, akafunga kifuniko. "Safi kama kitanda cha bibi harusi!" akajisifu.

Tukawasha mashine kwa majaribio siku kadhaa. Jumatatu kinu kingeanza kazi kamili, na ghala la pembeni lilikuwa limejaa mavuno ya watu mpaka mlangoni.

Ijumaa tukamkuta Mama Nekesa, mpishi wetu, juu ya ngazi. Alikuwa ametundika mahindi ya mbegu kwenye trei, vile watu wa Bungoma huyatundika juu ya meko.

"Mama, shuka! Hapo si jikoni kwako!" Kamau akapaza sauti.

"Ati nishuke? Jikoni kwangu moshi unanitoa machozi. Hapa kuna joto tamu, bana. Yale ya juzi yamekauka tayari."

Tulicheka sana. Kamau naye alicheka, kisha akaikodolea macho trei. "Joto? Zimeni kila kitu!"

Alipima kuhakikisha stima imekatika, akafungua kifuniko. Maganda ya plastiki ya nyaya za katikati yalikuwa yamelainika kama mshumaa. Wiki moja zaidi, kinu na ghala vingeshika moto.

"Lakini fundi, si zilitosha?" Wafula akajitetea.

"Zilitosha kuingia. Wewe ukilazwa na ndugu zako wote kitanda kimoja, mfunikwe blanketi gubigubi, mtapumua?"

Basi Jumamosi na Jumapili hatukupumzika. Tulibadilisha nyaya zilizoharibika, tukaongeza trei ya pili, tukazilaza nyaya za mota tabaka moja zikiachana. Zile nyembamba za mawasiliano tukazipa trei yao. Jumatatu kinu kilinguruma vizuri, na aliyelalamika ni Mama Nekesa peke yake: "Mmenizimia meko!"

Mwanangu, waya unaobeba stima hutoa joto, na joto hilo lahitaji hewa ya kuliondoa. Usijaze trei kwa sababu tu bado kuna mahali pa kusukuma. Ukikata bati, piga tupa ukingo usichune waya. Weka vishikizo karibu karibu, trei isilegee. Unganisha vipande vyote na waya wa ardhini, mtu akigusa asidhurike. Wala usiruhusu chochote kutundikwa hapo, hata koti lako.

Mungu akupe mikono imara, akurudishe kwako salama kila jioni. Na kesho, kabla ya kununua trei ya kazi yako ya kwanza, hesabu nyaya zote zitakazopita, kisha chagua trei pana itakayobakisha nafasi.