Macho-Manne Zilizobaki Barabara ya Taveta

Gari la kwanza kufutwa kwenye daftari langu lilikufa kwa shoka. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa milimani, na aliyelikata ni mkewe, mchana kweupe, baada ya kuambiwa kwamba kiti cha mbele kilikuwa kinambeba mwanamke mwingine kila Jumamosi. Alianza na taa, akahamia kwenye vioo, akamalizia na injini. Mwalimu alipojaribu kumshika alipigwa ubapa wa shoka begani, na mfupa ukavunjika. Watu walimlaumu sana mama yule. Mimi nilimlaumu kwa jambo moja tu. Kabureta angeiacha.

Miaka hiyo nilikuwa nauza petroli Voi, kwenye kituo kilichokuwa karibu na pale barabara ya Taveta inapoachana na ile ya Mombasa. Mume wangu alikuwa na teksi, motokaa ndogo ya Kijapani ambayo sisi tuliiita macho-manne kwa sababu ya taa zake nne za mbele. Zilikuja chache mwishoni mwa miaka ya sitini, kisha zikaacha kuundwa na vipuri vikakatika kabisa. Ndipo nikaanza daftari. Niliandika kila macho-manne niliyoijua kutoka Miasenyi hadi mpakani: nambari, rangi, mwenyewe, na ugonjwa wake. Zilikuwa kumi na moja.

Haikuwa mchezo. Moja ikifa, viungo vyake ndivyo vilivyozifanya nyingine zitembee. Kwa hiyo wenye magari walikaa pale kituoni siku moja wakakubaliana kufuata sheria ya ng'ombe aliyevunjika mguu. Kwetu ng'ombe akivunjika mguu malishoni, fisi hangojwi. Majirani huja na visu mnyama akiwa bado na joto, aliyefika wa kwanza huchagua kipande, na mwenye ng'ombe hubaki na ngozi na kichwa. Basi macho-manne ikipinduka ilikuwa hivyo hivyo. Wa kwanza kufika alichagua, na mwenyewe akabaki na bodi. Hakuna aliyelalamika, kwa maana leo kwangu, kesho kwako. Na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba ng'ombe hana mtu ndani.

Zilikufa vibaya. Moja ilikaliwa na ndovu. Moja ilisukumwa na lori pale Miasenyi hadi ikaingia katikati ya vibanda vya vitunguu, na mwanamke mmoja akapoteza mkono. Nyingine, kule Salaita, ilichomwa moto na ndugu wawili waliogombea urithi, kila mmoja akisema heri iungue kuliko kumwona mwenzake akiiendesha. Mimi niliandika yote kwa kalamu nyekundu. Siku moja nilimzaba kofi mtu mzima mbele ya wateja kwa sababu alinidanganya kwamba gari lake bado linatembea, kumbe alishauza injini yake kwa mwenye mashine ya kusaga. Sijivuni, lakini ndivyo nilivyokuwa. Mkono wangu ulitangulia mdomo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini zilibaki nne, na moja ya hizo nne, yetu, ilikuwa juu ya mawe uani. Giaboksi ilikuwa imesagika. Kwa miezi mitano mume wangu alikaa ndani ya gari lililosimama, mikono kwenye usukani, kuanzia asubuhi hadi jioni. Akitoka humo ni kugombana. Alinipiga, nami nikamrudishia kwa mpini wa jeki, na watoto wakajifunza kula haraka na kutoka nje. Nilimpenda mtu yule. Sikuweza kumtazama tena akiwa hivyo, na kila jioni nililala nikiomba macho-manne ya mtu mwingine ife.

Mmoja wa wale watatu waliobaki alikuwa Mtaveta, Muislamu mpole aliyebeba akina mama wa sokoni pamoja na ndizi zao. Alijaza petroli kwangu mara mbili kwa wiki. Hakuwahi kuniita ila dada.

Siku moja, jua likiwa utosini, dereva wa lori alisimama kwenye pampu akaniambia kuna macho-manne imebingirika ikasimama tena kwa magurudumu mbele ya Mraru. Ilikuwa imemkwepa punda.

"Dereva je?" nikauliza.

"Sikuona mtu mimi. Labda wamembeba."

Nilimwachia mwenzangu pampu nikakimbia nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshika sanduku la spana kabla sijamaliza kusema. Tulidandia pikapu ya mkaa iliyokuwa ikienda upande huo, na tulipofika hapakuwa na mwenye macho-manne mwingine. Lilikuwa gari la yule Mtaveta. Kioo cha mbele kilikuwa na damu, na kiti pia, bado mbichi. Nilijiambia yuko hospitali. Mume wangu alikuwa ameshalala chini ya gari.

"Giaboksi," akasema. "Nimechagua giaboksi."

Hakuwa amefungua boliti mbili kabla wenye magari wale wawili hawajafika, kila mmoja na vyombo vyake. Mkubwa wao akadai kwamba yeye ndiye aliyepata habari kwanza, na kwamba kupata habari ndiko kufika. Akamshika mume wangu mguu akamvuta. Mume wangu alitoka na spana ya ishirini na mbili akampiga nayo mdomoni. Meno mawili yalianguka kwenye mchanga, na mtu yule akainama kuyatafuta huku akitema damu. Mwenzake alimshika mkono, akamwambia sheria ni sheria. Basi wakakaa kando wakingoja, na kazi ikaendelea. Mimi nilipiga magoti nikawa nampa mume wangu spana moja baada ya nyingine.

Ilibaki boliti moja niliposikia sauti kutoka kwenye vichaka vya miiba chini ya barabara. Halikuwa neno. Watu niliowasimulia baadaye wamenipa sababu nyingi, wakasema pengine nilidhani ni mbuzi, na mimi nimezikataa zote. Nilijua ni mtu, na nilijua ni nani. Niligeuka nikatazama. Kisha nikamtazama yule mwenye mdomo uliopasuka, nikajua kwamba tukiondoka hapo kwenda kumwinua mtu, yeye ataingia chini ya gari na giaboksi itakwenda naye.

"Kaza mkono, Baba Watoto," nikamwambia mume wangu.

Ile boliti ilikuwa na kutu. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Giaboksi ilipotua mchangani ndipo nilipopaza sauti kwamba kuna mtu kichakani, na wote tukakimbia, hata yule wa meno. Tulimbeba vizuri. Taya lilikuwa limevunjika na mguu wa kushoto ulikuwa umegeuka nyuma. Njiani walinisifu kwa masikio yangu makali.

Mguu ulikatwa. Wiki iliyofuata ndugu zake walikuja Voi na marungu. Walivunja taa zote nne za gari letu, kisha wakamvunja mume wangu mbavu na vidole vitatu mbele ya pampu yangu, wakimwita mla maiti. Mimi hawakunigusa. Mmoja wao hata alinishukuru kwamba nilimsikia ndugu yao.

Baada ya miezi mingi alikuja yule Mtaveta mwenyewe, kwa magongo. Nilikuwa peke yangu pampuni. Taya lilikuwa limeunga upande, na alisema polepole.

"Dada, niliita mara moja tu."

Nilirudisha mpira wa petroli mahali pake.

"Sikuita tena kwa sababu nilikuona umesikia. Uligeuka ukanitazama. Nikasema moyoni, huyu amenijua, sasa anakuja."

"Ndugu zako hukuwaambia," nikasema.

"Wangekuua."

Nilisogea karibu ili anifikie. Nilitaka anipige. Alikuwa na gongo zito mkononi, na maisha yangu yote nilikuwa nimejua la kufanya na mtu anayepiga. Aliliegemeza kwenye pampu akaniomba maji ya kunywa. Nikamletea. Alikunywa yote taratibu, akanirudishia kikombe, akasema ahsante dada, kisha akavuka barabara kwenda kungoja basi la Taveta.