Msomaji Wangu wa Lambwe

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili upande wa Suna, mjini Migori, na nilikuwa na ukurasa wangu katika jarida la kompyuta lililochapishwa Nairobi. Wenzangu waliandika juu ya kompyuta mpya ambazo maofisi yalikuwa yakizigombania. Mimi niliandika juu ya mashine ambayo hata kiwandani walikuwa wameshaacha kuitengeneza. Ilikuwa kibodi nene, ya rangi ya maziwa yaliyolala. Unaiunganisha na televisheni, kisha unaisomesha programu kutoka kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Mwalimu mmoja mzungu alituachia mashine hiyo shuleni mkataba wake ulipoisha. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Niliandika kwa taipureta ya shule na kuituma bahasha kwa basi. Siku moja mke wangu, akichambua mboga za osuga kwa ajili ya chakula cha jioni, aliniuliza, "Hao unaowaandikia, ni akina nani?"

Sikuwajua. Hakuna msomaji aliyewahi kuniandikia.

Halafu mmoja akaandika. Alikuwa tabibu katika zahanati ya misheni, bonde la Lambwe, kule Homa Bay. Alikuwa na mashine kama yangu, aliyoirithi kwa masista. Alisema makala yangu kuhusu programu ya kupanga majina ilikuwa na kosa, akanionyesha lilipo, akanikaribisha kwake.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta mtu mrefu, mcheshi, ambaye shati lake lilikuwa kubwa kumpita. Miaka ile hatukuulizana ni nini kilichomkondesha mtu. Jenereta ilipowashwa jioni alinionyesha kazi yake. Wagonjwa wa kifua kikuu walipaswa kumeza dawa miezi mingi, lakini wakipata nafuu kidogo tu wanaacha kuja. Kwa hiyo aliiandikia mashine programu ya kumwambia nani hajafika. Akishajua, anapanda baiskeli na kumfuata nyumbani.

"Wengine wakiniona wanajificha kwa mahindi," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Alipotulia akaniambia, "Omera, ndugu yangu, andika juu ya hii. Labda kuna zahanati ingine iko na mashine kama hii juu ya kabati, na hawajui ni ya kazi gani."

Mkewe alituandalia samaki na kuon, yaani ugali. Tabibu hakula zaidi ya matonge mawili matatu. Mkewe alimtazama, kisha akanitazama mimi, na sote tukazungumza habari za mvua.

Niliandika makala ile kwa uangalifu kuliko yote niliyowahi kuandika, nikaiambatanisha na programu yenyewe, mstari kwa mstari, na jina lake juu. Miezi ikapita bila kuchapishwa. Nikaomba simu ya mwalimu mkuu, nikampigia mhariri, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumwona.

"Mwalimu," aliniuliza, "hiyo mashine watu wangapi wanayo?"

"Ninaowajua mimi ni wawili."

"Sasa si ungemwandikia huyo mwenzako barua tu?"

Hakusema kwa ubaya. Nilimweleza kwamba huyo mwenzangu ni mgonjwa. Akasema atatafuta nafasi.

Nilirudi Lambwe wakati wa likizo. Tabibu alikuwa amelala chumbani, uso kuelekea ukutani, na mkewe akamgeuza taratibu ili anione.

"Imetoka?" aliuliza.

"Bado. Iko njiani."

"Nitangoja," alisema, akafumba macho.

Hakungoja sana. Tulimzika nyumbani kwao, na miongoni mwa waombolezaji niliona watu wengi waliokuwa wakikohoa.

Jarida lilitoka baada ya mazishi. Makala ilikuwa imepunguzwa ikabaki robo, na katika programu mstari mmoja ulikuwa umeachwa. Bila mstari huo mashine ingewataja wote kuwa hawajafika, hata waliofika. Nilimpigia mhariri tena. Aliniomba radhi, akasema toleo linalofuata limejaa, na kwamba wameamua ukurasa wangu uende kwa kompyuta za ofisini. Kama ningependa kuandika juu ya hizo, nafasi ipo. Nilimshukuru. Sikuwa na kompyuta ya ofisini.

Nilimpelekea mjane nakala. Alikuwa ameketi nje akianika mtama. Alifuta mikono kwenye leso kabla ya kulipokea jarida.

"Jina lake liko wapi, shemeji?"

Nikamwonyesha. Aliniambia tabibu mpya hakutaka kujua habari za mashine ile, imefungiwa stoo pamoja na vitanda vibovu, na ya kuwafuata watu kwa baiskeli ndiyo yamekwisha.

"Na hii hapa ni ile kazi yake yote?"

"Wameacha mstari mmoja," nikasema. "Hivi ilivyo, haiwezi kufanya kazi."

"Wewe unaujua?"

"Naujua."

Akaingia ndani, akatoka na kalamu. "Basi uandike hapo."

Niliuandika pembeni kwa herufi ndogo, nikachora mshale kuonyesha mahali pake. Alipuliza wino mpaka ukakauka, akalipeleka jarida ndani, kisha akarudi kwenye mtama wake kuwafukuza kuku.