Mtani Mlangoni

Nilikodi hoteli ile ya Nachingwea kwa sababu moja tu: haikuwa uwanja wa baba wala wa baba mkubwa. Waingereza waliijenga enzi za mradi wa karanga, ikatelekezwa mpaka popo wakahamia, na sasa imekarabatiwa. Watu huikodi kwa harusi na vikao vya ukoo. Mimi niliitaka kwa dua ya bibi.

Bibi alizikwa Naipingo, kwa baba. Baba mkubwa alikuwa Ruangwa, mvua ikamkwamisha njiani, na alipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mtoto wa kwanza hakumtilia mama yake hata gao moja la udongo. Tangu hapo ndugu hao wawili hawakusemeshana, na kila mmoja aliapa kutokanyaga kwa mwenzake. Kama siku ile ya dua nayo ingewashinda, basi ukoo ungekuwa umevunjika. Nililijua hilo.

Baba mkubwa alishuka garini akasimama chini ya ngazi. Baba alikuwa upande wa pili, anayatazama maua ya hoteli kana kwamba ameajiriwa kuyamwagilia. Wazee wazima! Nikaomba Mungu waingie tu, wakishakaa, wameshakaa.

Ndipo nikamwona mtani. Mwanamke mnene, mtani wa ukoo wetu tangu enzi za babu, alikuwa ameburuta kiti mpaka katikati ya mlango mkubwa na kuketi. Kwetu mtani haalikwi, hujileta mwenyewe, na ana ruhusa ya kusema lolote mbele ya wafiwa. Kumkasirikia ni aibu, na kumwondoa kwa nguvu ni mkosi.

"Hapiti mtu," alisema. "Wewe mkubwa ulichelewa kwa uvivu wako. Na wewe mdogo ulimfukia mama yako mbio mbio kama mwizi anayeficha mbuzi. Leo mnataka pilau ya nani?"

Maneno hayo ndugu wote tuliokuwa verandani tulikuwa tumeyameza tangu maziko. Baba mkubwa akageuka kurudi kwenye gari. Nilimkimbilia nikamshika kanzu, akanibandua mkono bila kunitazama. Nilimchukia mtani yule, sifichi.

Meneja wa hoteli, mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, aliona fujo tu.

"Mama, tunaomba upishe, wateja waingie."

"Wateja gani? Hawa watumwa wangu?"

Meneja akamwita mlinzi. Mlinzi akamkamata mtani mkono na kumvuta.

"Mwache!"

Sauti zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye gari, nyingine kwenye maua. Mlinzi akaachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Ameniumiza, siwezi tena kutembea," mtani alilalama, mzima kabisa. "Nibebeni na kiti changu. Nyie wawili, sitaki wajukuu."

Baba mkubwa alikuwa ameushika mlango wa gari. Kisha akaufunga, akapanda ngazi, akashika kiti upande wa kulia. Baba akaja akashika wa kushoto. Walimwinua huku kila mmoja akitazama upande wake. Penye kizingiti kiti kikaelemea upande wa baba, nami nikaziba mdomo kwa khanga.

"Inua kwako, mdogo wangu," baba mkubwa alisema, pumzi zimemwishia.

"Nimeinua, kaka. Shusha wewe kidogo."

Wakavuka. Walimtua mtani katikati ya ukumbi, lakini hakuna aliyekiachia kiti. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Fungu lako la udongo wa kaburi la mama nilikuwekea," alisema. "Liko nyumbani, kwenye kopo. Sikujua nikuletee vipi."

Baba mkubwa akaukalia mkono wa kiti, akaegemea bega la mtani, akalia kwa sauti.