Sufuria Iliyorudi Imejaa

Iko siku moja naikumbuka kwa harufu, mwanangu: harufu ya makande yaliyochachia chini ya mgomba. Nilikuwa msichana mdogo wa Upareni, mwenye mdomo mrefu kuliko kimo changu. Bibi yangu, aliyenilea, alipika dengelua, pombe ya miwa, na kwa pombe hiyo tulivaa na tukasoma. Wazee wa kanisa wakamtenga. Akakosa meza ya Bwana, na hakuna aliyeonja tena kitu cha jikoni kwake, utadhani hata maharage yake yanalewesha. Lakini kila ulipotokea msiba Bibi alipika makande, akafunika chungu kwa jani la mgomba, akanituma nikipeleke. Jioni nilikwenda kukichukua, kimejaa vilevile.

Siku hiyo nilichoka kubeba. Nikayamwaga migombani, nikarudi na chungu kitupu, nikamwambia, "Bibi, wameyala yote." Uso wake ulivyong'aa! Alicheka peke yake mpaka usiku. Asubuhi akawakuta kuku wakiyadonoa makande yale migombani.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa chini pale pale, akasema, "Mjukuu wangu, chakula kikirudi tunakila wenyewe. Ukikimwaga, umekubaliana nao kwamba ni kibaya. Na usinidanganye tena. Bora nijue niko peke yangu kuliko kuambiwa nina watu."

Sikuelewa. Mtoto ataelewa nini? Nilikuja kuelewa huku ughaibuni, Saint Paul, kichwa kimejaa mvi.

Tumekaa Minnesota miaka mingi, mimi nikihudumia wazee wagonjwa, mume wangu, Baba Neema, akihamisha maboksi kwenye ghala kule Shakopee. Jimbo lilipohalalisha bangi, alirudi kutoka kazini akaketi bila hata kuvua koti. "Mama Neema," akasema, "kuna vijana waliofungwa kwa jani hili, mpaka leo hawapati kazi. Sasa limekuwa halali, watajirike wengine?" Nikamkumbuka kijana mmoja wa kwaya yetu, aliyekutwa na kidogo tu mfukoni enzi zile lilipokuwa kosa. Kosa hilo lilimfuata kila alipoomba kazi, mpaka akaacha kuomba. Nikasema haya, tufungue duka la bangi.

Tukatafuta leseni, tukapanga chumba mtaa wa Frogtown, barabara ya University, jirani na fundi cherehani. Kijana yule ndiye wa kwanza tuliyemwajiri. Jumamosi asubuhi hatuuzi kitu. Mwanasheria anakaa pale bure, anawasaidia watu kufutiwa makosa yao ya zamani. Na mtoto hapiti mlango ule. Hata babu mwenye mkongojo namwomba kitambulisho, anune asinune.

Kanisani hatukufukuzwa na mtu. Laiti wangetufukuza, mwanangu, ningejua pa kugombania! Walitusalimia vizuri, shikamoo Mama Neema, wakapita. Simu yangu ikanyamaza. Zamani misiba yote ya Watanzania hapa ilikula pilau ya mkono wangu. Sasa nikawa nasikia msiba umetokea, marehemu amezikwa, na watu wameshatawanyika.

Basi, mzee mmoja wa kanisani akafiwa na mkewe. Mama yule nilimpenda. Sikungoja kuitwa, nikakaanga vitunguu vyangu, nikapeleka sufuria kubwa ya pilau, nikaiweka mezani kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na vyakula vya wenzangu. Mama mmoja akafunua mfuniko, akanusa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Neema, hii ni ya kawaida?"

"Ina iliki na binzari nyembamba, dada yangu," nikamjibu. "Bangi iko dukani, ina leseni na kufuli. Nyumbani kwangu halimo hata jani."

Akacheka, akafunika. Foleni nzima ikaipita sufuria yangu ikaenda kwenye kuku wa kununua, wa kwenye ndoo za karatasi. Watu hawakuwa wabaya, sisemi hivyo. Waliogopa tu, na mwoga akiwa na sahani mkononi humgeuzi kwa maneno.

Tulipofika nyumbani Baba Neema alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka, akainua kifuniko. "Tupa, mke wangu. Wasituue kwa uchungu." Nikaishika ile sufuria kwa mikono miwili. Nikawaona kuku wa Bibi.

"Thubutu!" nikamwambia. "Tutakula."

Tukala jioni hiyo, tukala na kesho yake, wawili tu kwenye meza niliyoinunua ndefu kwa ajili ya wageni. Nililia, sikufichi. Pilau ilikuwa tamu, na utamu wake ndio ulioniliza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Neema, binti yetu anayekaa Eagan, nilipomsimulia alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba niache kupika, kwani nani amenilazimisha? Hakuna aliyenilazimisha. Msiba uliofuata nikapika, ikarudi. Mwingine tena, ikarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajisemea, ingawa koleo langu mimi lilishabaki mpini mtupu.

Sasa huu msiba wa majuzi. Theluji imejaa, nimebeba sufuria yangu kifuani, Baba Neema amebaki garini. Siku hizi haingii ukumbini, anasema miguu inamuuma. Si miguu. Nikaiweka mezani, nikaenda kukaa na wafiwa, nikawashika mikono. Sikuiangalia ile meza; nimeshajifunza kutoiangalia. Watu walipoanza kuaga nikaichukua, nzito kama nilivyokuja nayo.

Nyumbani nikafunua. Pembeni kabisa kulikuwa na shimo. Sahani moja, mwanangu, imechotwa taratibu, na mfuniko umerudishwa ukakandamizwa vizuri.

Nilisimama pale na koti langu. Mimi niliyewahi kumwaga makande nikamfurahisha Bibi kwa uongo, mtu wa kwanza kumshuku nilimjua. "Baba Neema, ni wewe?"

"Mimi? Si umeniacha garini ukanikuta garini?"

Kweli. Wala kijiko hakuwa nacho. Akaja akachungulia, akavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. "Ni nani sasa?" akauliza.

"Sijui," nikasema, "na sitauliza." Maana nikiuliza nitamwanika mtu, na huenda hatachota tena. Tukakaa tukala. Tulianzia upande wa pili, lile shimo tukaliacha la mwisho.

Mwanangu, unayetaka kufungua shughuli ambayo watu wataigeuzia uso, sikuzuii. Kama kazi ni halali na dhamiri yako haikusuti, ifanye. Lakini usidanganyike kwamba watakupigia makofi. Utakaa peke yako, na upweke una baridi kuliko Januari ya huku. Wakikurudishia chakula chako, ukile. Usikimwage kwa hasira. Halafu pika tena, upeleke tena, bila kununa. Na wewe mwingine, unayepita mezani na sahani yako ukaona sufuria ambayo haijaguswa, usingoje kujua wenzako watasema nini. Chota. Hujui kuna mtu atarudi nayo nyumbani, afunue mfuniko, atafute alama ya kijiko chako.

Nenda, Mungu akupe mkono usiochoka kupika. Akupe mwenza atakayekula nawe kilichorudi. Na siku sufuria yako itakapokuwa imefunikwa katikati ya watu wengi, akuletee huyo mmoja atakayechota.